Ziwa Tshangalele: lilitengenezwa na watu, mbona ni hifadhi?

MkaajiWaKatuba
Ndugu zangu, miaka yote niliyoishi Lubumbashi nimenunua samaki wa Kapolowe, na mama anayeniuzia huwafunua matamvua mbele yangu ili nione kama bado ni mekundu. Juzi tu ndipo aliponiambia kwamba ziwa wanakotoka lilichimbwa na watu. Ikiwa ndivyo, kwa nini lihesabiwe kuwa hifadhi?

MwalimuLikasi
Halikuchimbwa, ndugu yangu. Ni mto uliozuiwa. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilijenga bwawa kwenye Lufira, juu ya maporomoko ya Mwadingusha, ipate umeme wa viwanda vya shaba, na kituo hicho kikaanza kazi mwaka 1930. Kwa kuwa nyuma ya bwawa palikuwa na bonde tambarare, maji yalitanda badala ya kupanda: likijaa, ziwa hupita kilomita za mraba 400, lakini kina chake ni kifupi kiasi kwamba mvuvi huweza kusukuma mtumbwi kwa upondo.

Kina hicho kifupi ndicho kinachootesha matete na vichaka vya majini, ambamo samaki huzaliana na ndege hupata malisho. Yumo mnana mmoja wa manjano, dume lake lina uso mweusi, ambaye wataalamu walimpa jina la Ploceus ruweti mwaka 1982. Hajulikani popote duniani isipokuwa bonde hili la Lufira, na kiota chake hukining'iniza kwenye matawi yaliyoinamia maji. Mwaka huohuo UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya biosfia, yaani eneo ambako viumbe hulindwa huku watu wakiendelea kuishi na kufanya kazi.

YayaWaKapolowe
Mwalimu amesema kweli, ila neno "hifadhi" tulitamke polepole. Huku kwetu nimeona watu wakivua kwa vyandarua vya mbu, vinavyokokota hata vifaranga wa samaki wasiotosha kiganja. Tena mto Panda, unaopita Likasi, huteremsha mabaki ya viwanda kuelekea ziwani, na watafiti wamekuta shaba na kobalti katika samaki wa humu.

MkaajiWaKatuba
Asante, yaya. Basi kumbe matamvua mekundu hayaniambii lolote kuhusu shaba?

YayaWaKapolowe
Hayakuambii. Yanakuambia tu kwamba samaki bado hajaharibika.