Mbegu za ipomea zimegoma kuota, nimekosea wapi?

Chipukizi20: Wakuu, habari zenu. Nina uzio wa waya ambao natamani uvae maua, nikapata mbegu za ipomea, ile ya maua kama tarumbeta yanayofunguka alfajiri na kusinyaa jua likipanda. Nilipanda 20, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Leo siku ya 18, zimeota mbili tu. Nimefukua, nyingi bado ngumu kama kokoto, chache zimeoza. Nimebakiwa na 12 na sitaki kuzipoteza. Naombeni ushauri.

MzeeWaKitalu: Pole sana mkuu. Hizo ngumu hazijafa, maji hayajaingia tu. Gamba la ipomea ni gumu, lazima ulijeruhi kidogo. Itazame mbegu vizuri: ina umbo la kipande cha chungwa, na kwenye ncha moja kuna kovu dogo. Hapo usiguse kabisa, maana mzizi unatokea upande huo. Chukua kikata kucha, nyofoa kidogo mno upande wa mgongo. Ukiona weupe wa ndani, acha hapo hapo. Kisha loweka kwenye maji vuguvugu usiku kucha. Asubuhi zilizokunywa maji zitakuwa zimevimba, utazijua kwa macho. Ambayo haijavimba, isugue kwa msasa uirudishe majini. Zisizidi saa 24, zitaoza.

BiMaua: Nakazia hapo kwa mzee. Zilizooza zimezidiwa na maji. Fukia sentimita 1 hadi 2, udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Joto likiwa nyuzi 20 hadi 25, wiki moja au mbili zinatosha. Na panda palepale kwenye uzio, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Mimi nilishapoteza miche mizuri kwa kuihamisha, iliniuma sana. Jambo jingine: majani mawili ya kwanza yamepasuka katikati kama mkia wa mbayuwayu, hayafanani na yale ya umbo la moyo yanayofuata. Usije ukayang'oa ukidhani ni magugu.

Chipukizi20: Kumbe! Hizo mbili zangu ziko hivyohivyo, nilishaanza kuzitilia shaka. Asanteni mno. Samadi ninayo, niweke kiasi gani?

Mtambaazi: Usiweke, ndugu yangu. Ipomea ni ukoo mmoja na viazi vitamu, na umeshaona kiazi kwenye udongo ulioshiba kinavyojaza majani. Huyu naye ukimpa nitrojeni nyingi atafunika uzio wote bila ua hata moja. Mpe jua, angalau saa 6 kwa siku. Waya wako unamfaa sana kwa sababu hupanda kwa kujisokota. Ukuta laini angeshindwa. Ila mbegu zina sumu, ziweke mbali na watoto. Na vifuko vyake vikikauka, vivune kabla havijapasuka, la sivyo zitaota kila kona.

Chipukizi20: Mrejesho, wakuu. Nilizinyofoa zote 12. Asubuhi 10 zilikuwa zimevimba, mbili nikazisugua tena, nazo zikavimba jioni. Leo siku ya 6 zimetokeza 9! Moja imetoka na gamba lake kichwani, majani yamebanwa humo. Nilivute?

MzeeWaKitalu: Hongera mkuu, umenifurahisha. Usilivute, utakata majani. Lidondoshee tone la maji jioni na asubuhi, likilainika mche utalivua wenyewe.