Samaki wa wageni: arudishwe baharini au ateremshwe dikoni?

Baharia wa Kaskazini Pemba (mwenye mada)

Assalaam alaykum. Kamati ya wavuvi ya shehia yetu inataka maoni ya watu juu ya jambo moja: boti zinazochukua wageni kwenda kuvua kwa starehe zilazimishwe kumrudisha baharini kila samaki wanayemtoa, au zisilazimishwe? Barazani watu wamegawika. Wapo wanaosema huo ndio uhifadhi, wapo wanaosema ni kuichezea riziki. Nimeufungua mjadala hapa kwa sababu wengi wanaosema kwa sauti kubwa hawajawahi kumshika mkononi samaki wa kurudishwa. Mie nimewashika misimu sita, kazi yangu ndiyo hiyo.

Nianze na nililoliona kaskazi iliyopita, nje ya Mlango wa Njao. Tulikuwa na wageni wawili, fimbo zao nzuri, uzi wa kusokotwa usiovutika. Tukateremsha chambo cha chuma kinachong'aa kiasi cha pima 30, yaani karibu mita 55, pale ukuta wa mwamba unapoanza kukimbilia chini. Chewa akala. Wanaomjua wanajua: chewa hafukuzi kama kolekole. Anakaa mlangoni mwa pango lake, kinywa kinafunguka ghafla, maji yanaingia na samaki mdogo ndani yake, naye anageuka kurudi alikotoka. Kwa hivyo mvuaji hana nafasi ya kumbembeleza. Breki ya kigurudumu inakazwa, anavutwa pima za mwanzo kwa nguvu zote, la sivyo mawe yanakata uzi.

Alipofika juu macho yamemtoka, na kinywani kimejaa kitu chekundu kama puto. Wakapiga picha, wakamrudisha. Hakuzama. Akalala ubavu juu ya maji, mkia unapigapiga, mkondo unamchukua. Ikapita ngalawa ya binamu yangu, akamwokota. Mgeni mmoja akampigia kelele kwamba anaharibu uhifadhi. Binamu yangu akasema, "Huyu keshakwenda, mie naokota tu." Nikatakiwa nitafsiri, ulimi ukawa mzito.

Rai yangu ni hii. Kumrudisha kila samaki kwa lazima ni kosa, na kumchukua kila samaki ni kosa vilevile. Sheria imtazame samaki ni nani na katoka kina gani, isimtazame aliyeshika fimbo. Leteni hoja zenu.

Mpiga dago, Kojani

Mwenzangu umeanza vizuri ukasimama njiani. Sie tunahama na pepo, tunalala dagoni, kambi zetu za uvuvi, wiki kwa wiki, na watoto nyumbani wanangoja. Mtu anakuja na fimbo yenye thamani kuliko chombo changu na nyavu zake zote, anamtoa kolekole wa kukushinda kumbeba peke yako, anamkumbatia kwa picha, anamwachia. Mie nikishusha dema, mtego wetu wa kusuka, sehemu iliyofungwa ya kisiwa cha Misali nafukuzwa, na sikatai, mpaka ni mpaka. Lakini unielezee tofauti. Mimi namsumbua samaki nikamla. Yeye anamsumbua kwa nini?

Ninalolitaka ni jepesi. Kila samaki wa mgeni ateremshwe dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, agaiwe au auzwe. Asiyetaka kula asitie ndoana majini.

Mpemba wa Ohio

Ndugu zangu, niko Marekani mwaka wa kumi na moja huu, na huku nimejifunza kumvua besi, samaki wa maziwani, yule mwenye mdomo mkubwa. Naomba msikie walivyofanya wenzetu, maana desturi hii ya kurudisha imekulia sana kwa samaki huyo.

Zamani kwenye mashindano besi waliuawa, wakapimwa, basi. Ray Scott, aliyeanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S., mwaka 1968, alianza mwaka 1972 kuwataka washindani wawaweke samaki hai kwenye matangi ya maji yenye hewa, wapimwe, warudishwe ziwani. Watu wakazoea, na leo mvuaji anayemuua besi mkubwa hutazamwa vibaya na wenziwe. Halafu kuna tabia ya samaki mwenyewe. Majira ya joto yanapokaribia, dume anafagia kiota kwenye maji mafupi na kukaa juu ya mayai kuyalinda. Ukimtoa pale hata kwa muda mchache, samaki wadogo wanayavamia mayai. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yanafunga uvuvi wake kipindi hicho, na mvuaji mwenye akili anamrudisha palepale, upesi, mikono imelowa ili asiondoe ute wa ngozi.

Wao wameweza. Kwetu kinachoshinda ni nini? Ilazimishwe tu.

Mchuuzi wa samaki, Wete

Nyote mnazungumza kama kwamba samaki anafika sokoni kwa miguu yake. Samaki wa wageni mie nimewahi kuletewa. Kakaa juani tangu asubuhi, kapigwa picha na kila mtu, saa tisa ndiyo anafika, nyama imelegea na matamvua yamegeuka rangi. Namuuzia nani? Mnataka ateremshwe dikoni, sawa, lakini boti ibebe barafu na samaki apasuliwe kule kule baharini.

Na jambo jingine mnijibu nyie wajuzi. Miaka yangu yote ya kupasua samaki, mayai nayakuta kwa chewa wa kati. Wale wakubwa kabisa, enzi zile wakija, mayai hawana. Siku hizi hao wakubwa wenyewe siwaoni.

Baharia wa Kaskazini Pemba

Bi Mchuuzi, nianze na wewe, kwa sababu ulichokiona kwa kisu chako ndicho wanachokisema wataalamu wa samaki. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike. Wakishakua, baadhi yao wanageuka madume. Kwa hivyo ukiwatoa wale wakubwa tu, unatoa madume, na majike yanabaki na mayai yasiyo na wa kuyarutubisha vya kutosha. Ukiwatoa wa kati tu, hakuna atakayefika kuwa dume. Mgeni anayetaka picha anamtafuta mkubwa. Mwenye dema anampata wa kati na mdogo. Katikati ya wawili hao chewa hana pa kupumulia.

Sasa Mpemba wa Ohio. Hoja yako naipenda, na ndiyo inayonipa nguvu. Hebu jiulize besi wako unamtoa kina gani. Mara nyingi ni maji ya kiuno mpaka mita chache, kwenye magogo na majani. Hata Naivasha kule Kenya, alikopelekwa samaki huyohuyo miaka ya 1920, watu wanamtafuta pembezoni kwenye mafunjo. Akitoka kwenye maji hayo mwili wake haujabadilika kitu. Anarudi, anakwenda zake.

Chewa wa ukutani ni habari nyingine. Ndani ana kibofu cha hewa cha kumfanya aelee asizame wala asipande. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanamkandamiza kwa uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukifika mita 50, hewa ya kibofuni imebanwa mara sita. Mvute juu kwa dakika tatu, hewa ile inataka nafasi mara sita na ndani haipo. Kibofu kinafura, kinasukuma tumbo mpaka linatokeza kinywani. Lile puto jekundu ni tumbo lake. Nimewaona mabaharia wenzangu wakilitoboa kwa ncha ya kisu, kwa nia njema kabisa, wakidhani wanatoa hewa. Wanamtoboa tumbo, basi.

Kwa hivyo ukiilazimisha boti imrudishe chewa wa pima 30, umeilazimisha imwage nyama baharini na kuiita uhifadhi.

Nduwaro ni kinyume chake. Yeye anakula juu juu, chambo kinakokotwa nyuma ya boti katika Mkondo wa Pemba, na kaskazi ndiyo wakati wake. Ukitumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi kwenye shina, hushika pembeni ya mdomo badala ya kumezwa mpaka tumboni. Lakini hapo mvuaji aache pupa: samaki akila asiing'oe fimbo kwa kishindo, azungushe kigurudumu tu na ndoana ijishike yenyewe. Samaki asipandishwe botini kwa picha. Ashikwe mdomo wake mrefu ubavuni mwa chombo, boti iende taratibu, maji yapite kwenye matamvua mpaka arudishe nguvu. Huyo kumwachia kuna maana, nami nimewaona wakiondoka kwa mkupuo mmoja.

Kolekole pia anaweza kuishi. Anawinda ukingoni mwa mwamba maji yanapovuta, na wageni wanamvua kwa kipande cha mbao kinachorukaruka juu ya maji. Kinachomuua ni zile ndoana zenye matawi matatu zinazomrarua uso, na uzi mwembamba unaompiganisha nusu saa nzima ili mgeni apate hadithi. Akiachiwa kachoka vile, papa anamngoja. Ndoana iwe moja, kijino chake kinachoizuia isichomoke kibanwe kwa koleo, uzi uwe mnene, shughuli iishe upesi.

Nguru sina la kusema juu yake. Hana hata hicho kibofu, lakini ni kitoweo. Abaki botini kwenye barafu ya Bi Mchuuzi.

Ustadhi, Chake Chake

Nimesoma yote. Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Kuvua ili ule ni halali isiyo na shaka. Kuvua ili ufurahie kupapatika kwake, kisha umwachie, mimi naona kunakaribia lile lililokatazwa, hata kama samaki atapona. Na sie watu wa Pemba tuna ukumbusho wetu karibu. Wazee wamepokezana kwamba Nabii Khidhri alipofika Misali aliomba msala, haukupatikana, naye akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake. Mahali pa kuswalia hapachezewi. Hoja ya kina na ndoana nimeielewa, lakini swali la kwanza ni kama mchezo wenyewe unafaa.

Mpiga dago, Kojani

Ustadhi kanisemea.

Baharia wa Kaskazini Pemba

Ustadhi, hilo limenikaa moyoni tangu jana na sitalipita juu juu. Kwa chewa nakubaliana na wewe moja kwa moja: kumtoa kina kirefu kwa picha, ukijua hatopona, hakuna jina jingine la kulipa. Kwa nduwaro bado naona tofauti, maana bila wageni wanaomwachia, ninaowajua wangemvua kwa nyavu ya jarife na kumkata vipande. Hapo tutabaki na khitilafu yetu, na Mungu ndiye ajuaye.

Ninaloipelekea kamati ni hili. Nduwaro na kolekole wa juu ya maji waachiwe, kwa ndoana nilizozitaja. Boti inayoshusha chuma kwenye kina kinachozidi pima 10 isirudishe samaki mkubwa yeyote: chewa mmoja kwa safari, anaingia kwenye barafu, na uvuvi wa kina unaishia hapo kwa siku ile. Akitoka mdogo kwa bahati mbaya, ateremshwe. Chukua chubwi nzito, ile risasi ya kuzamishia uzi, funga ndoana isiyo na kijino iliyogeuzwa kichwa chini, mtie mdomoni, mshushe mpaka karibu na alikotoka. Maji yanaibana hewa upya. Akifika unauvuta uzi kwa ghafla, ndoana inachomoka, yeye anabaki kwao.

Na zile siku za mwezi ambazo chewa wanakusanyika mahali pamoja kutaga (wazee wetu wanazijua siku na wanapajua mahali) pafungwe kwa kila mtu. Ndugu yangu wa Kojani, namaanisha na dema pia. Kisiwa Panza wamefunga mwamba wao kwa ajili ya pweza, wakafungua wakati wake, na waliofunga ni wavuvi wenyewe.

Mpiga dago, Kojani

Dema nitalitoa siku hizo, wallahi, ikiwa boti za hoteli nazo zitatoka. Ila hiyo chubwi yako mie siiamini. Samaki keshatoka tumbo, utamrudishaje kwa risasi na kamba?

Baharia wa Kaskazini Pemba

Una haki ya kutoamini. Kamati inakaa Ijumaa baada ya Laasiri. Jumamosi maji mafu, mkondo utakuwa mdogo. Njoo na ngalawa yako, mie nakuja na chubwi ya kilo mbili na kamba ya pima 40, na binamu yangu atakuwepo. Akielea, wewe ndiye utakayemchukua nyumbani, nami nitarudi kwenye kamati kusema nilikosea.

Mchuuzi wa samaki, Wete

Barafu natoa mie.