Ampli ipi inafaa sabufa ya inchi 12 yenye koili mbili? Nipo Dodoma

Mdau wa Ipagala
Habari za jioni wakuu. Nina sabufa ya inchi 12 isiyo na ampli ndani, koili mbili za omu 4 (ohm, kipimo cha ukinzani) kila moja, nyuma imeandikwa RMS 300W (nguvu ya kudumu). Ipo kwenye boksi lenye tundu. Risiva ya sebuleni ina SUB OUT (tundu la kutoa sauti ya sabufa). Sebule ni mita 4 kwa 5, ukuta wa tofali, chini vigae, dari ya jipsamu. Madukani nimeonyeshwa njia tatu:
a) ampli ya gari ya "3000W" na pawa saplai ya 12V 30A
b) bodi ya ampli yenye chipu ya TPA3255 na pawa saplai ya 48V
c) ampli ya ukumbini ya chaneli mbili, iliyotumika
Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Fundi Majengo
Mkuu, hiyo 3000W ni namba ya kuuzia, isikuzuge. Uliza vitu viwili tu: RMS yake ni ngapi, na omu ya chini kabisa inayoweza kuvumilia ni ngapi.

Koili zako ukiziunga mfululizo unapata omu 8, ukiziunga sambamba unapata omu 2. Kwa sabufa moja ya aina hiyo, omu 4 kwenye waya mmoja huipati. Ampli nyingi za nyumbani na za ukumbini mwisho wake ni omu 4 kwa chaneli, na ukizibriji (kuunga chaneli mbili ziwe moja) mwisho ni omu 8. Ukiilazimishia omu 2 inachemka na kujikata. Ikikosa kinga nzuri, transista zinashoti na umeme wa DC unaingia moja kwa moja kwenye koili, hapo ampli na sabufa vyote vimekwenda.

Kwanza pima koili kwa multimita. Koili ya omu 4 husoma takribani 3.2 mpaka 3.7. Zote mbili zisome karibu sawa. Moja ikisoma 1 au isisome kabisa, usinunue ampli yoyote bado.

Mdau wa Singida
Mimi ningechukua ya gari. LPF (kichujio kinachopitisha besi tu) ipo, omu 2 haiisumbui, na bei ni nafuu.

Fundi Majengo
Omu 2 sawa ndugu yangu, shida ni chakula chake. Ili itoe 300W, hata kama ni klasi D (aina ya ampli isiyopoteza umeme mwingi) yenye ufanisi wa asilimia 80, inavuta 375W. Gawanya kwa 12V: ampea 31 na zaidi. Hiyo saplai ya 30A kwa karatasi tu haifiki, na za bei rahisi mara nyingi hazitoi hata hicho kilichoandikwa. Besi ikipiga kwa nguvu volti zinashuka, ampli inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Bora hiyo hela iende kwenye (b).

Mkazi wa Kisasa
Naunga mkono (b), ila uungaji ndio kila kitu. Usiunge koili mfululizo: kwa 48V ukiwa na omu 8 unapata kama 130W tu. Tumia chaneli mbili za bodi, kila koili chaneli yake. Kila chaneli inaona omu 4, na 150W kwa kila koili inazitoa bila jasho. SUB OUT ni tundu moja, kwa hiyo nunua waya wa RCA wa Y (unaogawanyika mara mbili) ili chaneli ya kushoto na ya kulia zipate sauti ileile.

Ya kuangalia:
– Waya mweusi wa spika kwenye bodi hii SI ardhi. Usiunganishe weusi wa kushoto na wa kulia, wala usiuguse kwenye kasha la chuma. Unaua chipu.
– Alama + na − za koili zote mbili zifuate mpangilio mmoja. Ukigeuza koili moja, zinavutana na besi inapotea. Betri ya 1.5V itakuonyesha: + kwenye +, koni itoke nje kwa koili zote mbili.
– Saplai iwe 48V 10A. Ubavuni ina swichi ndogo ya 115/230. Hakikisha ipo 230 kabla ya kuchomeka. Skrubu ya volti usiipandishe kupita 51V.

Bodi hizi kwa kawaida hazina LPF, lakini wewe huihitaji. Kwenye risiva weka spika kuwa SMALL na mkato 80 Hz.

Hiyo (c) ni nzuri kama inabriji kwa omu 8 na ni ya 230V. Ya 110V kutoka Marekani achana nayo.

Mdau wa Ipagala
Nimewaelewa wakuu. Je, sauti niifungue mpaka wapi? Na nikisikia mvumo?

Fundi Majengo
Chomoa sabufa. Piga toni ya 50 Hz, risiva iwe kwenye sauti ya juu kabisa unayotumia. Multimita iweke AC, ncha zote mbili kwenye + na − za chaneli moja, pandisha kitufe cha sauti cha bodi taratibu mpaka isome 24.5V. Hiyo ndiyo 150W kwa omu 4. Weka alama kwa kalamu, usipite hapo.

Boksi lako lina tundu, kwa hiyo chini ya mlio wa tundu koni inabaki bila breki na inatoka kupita kiasi. Kama risiva ina kichujio cha chini, kata sauti zilizo chini ya 25 mpaka 30 Hz.

Mvumo: chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukiisha, mzunguko wa ardhi unapitia hapo. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi, hata kama mvumo unaisha kwa kufanya hivyo.

Mkazi wa Kisasa
Na chumba cha mita 5 kinavimbisha sauti karibu na 34 Hz, upande wa mita 4 karibu na 43 Hz. Usiisukumie sabufa konani ukadhani ampli ina nguvu sana. Iweke kwanza pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, tembea pembeni mwa ukuta ukiinama. Pale besi inaposikika safi bila kuvimba, ndipo pa kuiweka. Jipsamu ikitetemeka, tafuta ubao uliolegea, usipunguze sauti kwanza.

Waya wa spika 2.5 mm² unatosha. Kasha la bodi liwe na matundu na wavu mwembamba mbele ya feni, maana vumbi letu la kiangazi linaziba hitisinki haraka. Lipulize kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa.