Nilikuwa mwigizaji, sasa naandika riwaya: wahusika wakinyamaza, ukurasa unakufa. Naomba ushauri

Mtunzi wa Tabata:
Wakuu, habari zenu. Niliigiza miaka mingi hapa Dar, kwanza jukwaani, baadaye kwenye tamthilia za televisheni. Siku hizi naandika riwaya. Mhariri mmoja amesoma muswada wangu akaniambia mazungumzo yamenyooka, ila watu wakinyamaza hakuna kitu.

Nimelifikiria sana hilo. Jukwaani, kabla ya kutamka chochote, nilijiuliza: huyu anataka nini kwa mwenzake? Swali hilo ndilo lililonifundisha kuandika, na siliachi. Lakini kule nilibebwa na taa, maleba (mavazi ya jukwaani), ngoma, na mwili wangu wenyewe. Mama aliyefiwa anakunja khanga ya bintiye, ukumbi mzima unalia, na mtunzi hakuandika neno. Kwenye riwaya khanga hiyo ni juu yangu. Nikiiandika kidogo, msomaji haioni. Nikiiandika sana, naona kama namwelekeza mwigizaji.

Jingine: kila kitabu nakisoma kwa sauti, mazoea ya kukariri. Mke wangu anasema ndiyo maana nasikia midomo tu. Na kuna kundi linaniita nirudi kuigiza. Niende?

Mwalimu wa Fasihi:
Soma waliofanya kazi zote mbili. Kezilahabi aliandika riwaya ya Rosa Mistika (1971), akaandika pia tamthiliya ya Kaptula la Marx. Said Ahmed Mohamed ana Utengano (1980) upande wa riwaya na Kivuli Kinaishi upande wa jukwaa. Tazama ukimya unabebwa na nani. Kwenye riwaya ni msimulizi, na nadhani wako humjui. Mchunguze kama ulivyomchunguza mhusika kabla ya mazoezi: umri wake, mtaa wake, anamwonea nani wivu. Ukimjua, atajua mwenyewe aitazame khanga kwa muda gani.

Binti Ilala:
Kaka, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), soma sura moja moja, kisha tazama filamu aliyoiongoza Amil Shivji (2021). Andika pembeni kila kilichomo kitabuni ambacho kamera haikuweza kukionyesha. Hapo ndipo kazi yako ilipo.

Mwana Mwenge:
Mkuu, peleka muswada Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET).

Mtunzi wa Tabata:
Asante mkuu, bado haujaiva. Mwalimu, umenigusa. Msimulizi wangu hana hata kwao.

Mzee wa Kariakoo:
Mwanangu, kuhusu sauti sikubaliani na mkeo. Tenzi zetu zimeghaniwa karne na karne, masikio ni mlango halali wa kusoma. Vya wenzio endelea kuvisoma kwa sauti. Vyako usivisome hivyo. Wewe ni mwigizaji: ukisoma rasimu yako, sauti yako inaziba kila pengo, unatia huzuni ambayo haimo kwenye karatasi. Mpe mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani akusomee, wewe ukae kimya. Atakapokwama, weka alama.

Kundi likikuita, nenda, lakini omba nafasi yenye maneno machache. Ukae jukwaani muda mrefu bila kusema, uone unafikiri nini.

Mtunzi wa Tabata:
Shikamoo mzee, nimekusikia. Mdogo wangu ni fundi wa majokofu, hajaigiza hata shuleni. Jumapili nitamwomba anisomee sura ya msiba. Binti Ilala, Vuta N'kuvute nianze na sura ipi?

Binti Ilala:
Ya kwanza kaka, usiruke.