Silaha zinachelewa, bei inapaa: kosa la muuzaji au la anayenunua?

Mtoa hoja

Naanza na helikopta 8. Mwaka 1995 Uingereza iliagiza Chinook kutoka Boeing, na 8 kati yake zilikuwa za aina ya pekee, kwa ajili ya vikosi maalumu. Zilitakiwa kuwa kazini mwaka 1998. Zikafika 2001, nzima kabisa, ila haziruhusiwi kuingia kwenye wingu. Mnunuzi alitaka chumba cha rubani cha kwake mwenyewe, nusu vipimo vya mshale vya zamani na nusu skrini mpya, na katika mkataba hakuna aliyekumbuka kuandika kwamba muuzaji atatoa msimbo wa programu ili wakaguzi wathibitishe kama ni salama. Bila uthibitisho huo, rubani aliruhusiwa kuruka siku ya anga safi tu, tena juu ya futi 500, akichungulia chini ajue yuko wapi. Helikopta za pauni milioni 259 zikafungiwa bandani, humo kiyoyozi kinavuma, na huku askari wa nchi hiyohiyo wanalia uhaba wa helikopta Afghanistan. Mwishowe ikaamuliwa vile vidude ving'olewe, zirudi kuwa Chinook za kawaida. Zikaingia kazini 2010.

Kila habari ya namna hii ikitoka watu hukimbilia neno moja: rushwa. Sikatai kwamba ipo. Ila pale juu hakuna aliyeiba, na bado miaka 12 imepotea. Mimi nasema ucheleweshaji mwingi unatoka kwa mnunuzi. Anaagiza kitu ambacho hakijawahi kuwapo, halafu kila mwaka anarudi na "tuongeze na hiki kidogo". Ningepewa rungu, ningeweka sharti moja: hakuna sahihi kwa kifaa ambacho hakijaonekana kikitembea, na ukishasaini, orodha ya mahitaji inapigwa kufuli. Nipingeni.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, umewasamehe wauzaji mapema mno. Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, si wa jeshi, lakini zabuni ni zabuni. Mchezo wenyewe uko hivi: kampuni inaingia kwa bei inayojua fika kwamba haitatosha. Wakubwa wa jeshi nao wanajua haitatosha, ila wananyamaza, kwa sababu wakitaja bei ya kweli bungeni mradi utafia palepale. Miaka michache baadaye fedha nyingi zimeshazama, viwanda vimeajiri watu kwenye majimbo ya wabunge kadhaa, nani atanyoosha mkono kuufuta?

Marekani wana sheria ya kuzuia hilo tangu 1982, ile ya Nunn-McCurdy. Gharama za mradi zikivuka kiwango fulani Bunge lazima liambiwe. Zikivuka zaidi, mradi unahesabiwa umekufa isipokuwa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, ithibitishe kwa maandishi kwamba hauna mbadala. Kombora jipya la nyuklia, Sentinel, lilipanda kwa asilimia 81 hadi karibu dola bilioni 141 mwaka 2024. Mnadhani lilikufa? Likathibitishwa mwezi Julai mwaka huohuo, kazi ikaendelea. Kwa hiyo usiniambie habari za kufuli. Kufuli lilikuwapo, na ufunguo alikuwa nao anayetakiwa kufungiwa.

Mpita Njia

Mnazunguka sana jamani. Mchagua jembe si mkulima! Poland walitia saini na Korea Kusini katikati ya 2022, na Desemba mwaka huohuo vifaru vya kwanza vya K2 na mizinga ya K9 vinashushwa bandarini. Miezi tu. Nunua kilichopo, maliza.

Bohari

Mpita Njia, hapo umegusa donda langu. Nimekaa bohari ya jeshi miaka mingi (msiniulize la nani), na nawaambia kilichopo nacho kina hadithi yake.

Tuliletewa malori mapya, yaliyo tayari, bei nzuri, kwa wakati. Siku ya kuyapokea kulikuwa na bendi. Mkataba ulinunua malori. Spea zikaachwa "zitafuata". Mwaka wa pili lori la kwanza likaanza kuvuja oili kwenye gurudumu la nyuma. Kilichotakiwa ni mpira wa kuzuia oili, mviringo mweusi unaoweza kuuvaa kama bangili. Dukani haupo, vipimo vyake si vya kawaida. Kuuagiza ni barua kwenda makao makuu, makao makuu kwenda wizarani, wizara kwenda kwa muuzaji, muuzaji anajibu kwamba kima cha chini cha kuagiza ni mipira kadhaa mia. Mafundi wakafanya wanachofanya mafundi kote duniani: wakachomoa wa lori jingine. Kisha la tatu. Nilipoondoka pale palikuwa na safu ya malori yamekalishwa juu ya magogo, hayana magurudumu, na katika daftari yote yanasomeka "yapo".

Sasa hayo utayahesabu kwenye ucheleweshaji au hapana? Yalifika siku ileile iliyoandikwa.

Mpita Njia

Nimenywea.

Nahodha

Mimi nina ugomvi na kufuli la mtoa hoja. Gari la deraya linabuniwa leo, linafika kikosini baada ya miaka 10, linakaa kazini 30. Adui hajafunga orodha yake. Angalieni Ukraine: magari yaliyokingwa vizuri ubavuni na mbele yakawa yanapigwa kutoka juu na droni ndogo inayobebwa mkononi. Kama orodha yako ilifungwa 2012, unapokea gari jipya lililozeeka. Ndugu yangu, kuongeza "na hiki kidogo" wakati mwingine ndiko kunakomrudisha askari nyumbani.

Na kuhusu kasi, jeshi likitaka linaweza. Iraki, mabomu ya kutegwa barabarani yalikuwa yanachana magari ya Wamarekani kama karatasi. Mwaka 2007 waziri wao wa ulinzi, Robert Gates, akayapa magari ya MRAP, yaliyoundwa kuhimili mabomu hayo, kipaumbele cha kwanza, na ndani ya miaka michache zaidi ya 20,000 yakanunuliwa. Haikuwa teknolojia mpya. Umbo lile la tumbo la herufi V, linalotawanya mlipuko pembeni, lilikuwa likitumika kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1970.

Mtoa hoja

Nahodha, umenijibia mwenyewe! MRAP zilikuja haraka kwa sababu wazo lilikuwa limeshatembea barabarani miaka 30. Hilo ndilo sharti langu la kwanza. Na vita vilipopungua, ikabidi nyingine zikatwe vyuma chakavu na nyingine zigawiwe polisi, kwa hiyo hata hiyo kasi ina bili yake.

La kufuli, acha nikupe Ajax, gari la deraya la upelelezi. Waingereza walichukua gari ambalo tayari lipo, ASCOD, linalotumiwa na Hispania na Austria. Hadi hapo, safi. Kisha wakalipachika mahitaji takriban 1,200. Mkataba wa mwaka 2014, magari 589, pauni bilioni 5.5, la kwanza litegemewe 2017. Walipoingia kulijaribu, gari likawa linatikisika na kunguruma kiasi kwamba majaribio yakasimamishwa na askari wapatao 300 wakaitwa kupimwa masikio. Fikiria: umeketi ndani ya sanduku la chuma, kofia yenye spika imebana masikio yako, na hiyo spika ndiyo inayokuongezea kelele. Unashuka jioni, mwenzako anakuita, unaona midomo tu inacheza. Gari la upelelezi linalomtia kiziwi mpelelezi! Hilo halikuletwa na droni ya adui, ni orodha.

Kalamu Nyekundu

Na bei ya Ajax ilikuwa imefungwa, tafadhali mliandike hilo. Watu wengi hudhani ukifunga bei umemaliza. Ndege ya usafirishaji ya A400M ilisainiwa mwaka 2003 na nchi 7 za Ulaya: ndege 180, euro bilioni 20, bei moja. Injini yenyewe ilikuwa bado ni michoro. Ilipofika 2010 kampuni ikasema wazi haiwezi, na nchi zilezile zikachangishana bilioni 3.5 kuinusuru. Ungefanyaje? Uiache ifilisike ukose vyote?

Upande wa pili kuna ndege ya kujazia mafuta angani, KC-46. Hapo serikali ya Marekani ilishikilia mkataba wake wa 2011 kwelikweli, na Boeing ikala hasara ya zaidi ya dola bilioni 7. Mlipa kodi aliokoka. Lakini ndege bado zilichelewa, na kamera ambazo mwendeshaji anatumia kuongoza mrija wa mafuta zikawa na kasoro ya miaka na miaka. Sasa kampuni kubwa zinaikwepa mikataba ya namna hiyo. Mimi bado naipendelea, ila sitawaambia kwamba ni dawa.

Nahodha

Hakuna aliyemtaja mtu wa hazina, na huyo ndiye namba moja kwangu. Mradi ukipanda bei, anapunguza idadi. Ukipunguza idadi, gharama ya utafiti inagawanywa kwa vichache, kila kimoja kinazidi kupanda, naye anapunguza tena. Meli za kivita za Marekani, Zumwalt, zilipangwa 32, zikajengwa 3. Mizinga yake ilitengenezewa risasi ya pekee, haiingii kwenye meli nyingine yoyote. Meli zilipobaki 3, risasi moja ikafikia karibu dola 800,000. Mwaka 2016 jeshi la majini likaamua haliinunui. Mzinga upo, risasi hakuna. Na kwenye karatasi kila hatua iliitwa kubana matumizi.

Nimrod MRA4, ndege ya doria ya baharini ya Uingereza, ndiyo hivyohivyo: kutoka ndege 21 hadi 9, na mwaka 2010 hata hizo 9 zikafutwa, zaidi ya pauni bilioni 3 zimekwisha. Hapa nakiri mtoa hoja ana haki kidogo. Walitaka kuokoa fedha kwa kutumia viwiliwili vya zamani vilivyojengwa kwa mkono, na mabawa mapya yalipoletwa kutoka kiwandani ikagundulika viwiliwili havilingani, kila ndege ina vipimo vyake. Rahisi ghali. Uingereza ikakaa karibu miaka 10 haina ndege yake ya doria hiyo.

Mtoa hoja

Basi nalegeza kufuli nusu. Ukitaka kuongeza kitu baada ya kusaini, sawa, lakini aliyeomba ataje jina lake, bei na miezi itakayoongezeka, na kitu kingine cha uzito uleule kiondolewe. Bohari amenishinda kwenye jambo moja: spea na msimbo viwe ndani ya bei ya kwanza, visiwe barua ya baadaye.

La kufuta mradi katikati, hapo sijui nisimame wapi. Wengine husema ukiona umekosea, futa mapema. Australia walifuta nyambizi 12 za Wafaransa mwaka 2021, wakalipa fidia ya euro milioni 555 na hawakupata hata nyambizi moja.

Bohari

Kwenye kufuta, msiwasahau mafundi. Kanada ilifuta mkataba wa helikopta za majini mwaka 1993, ikalipa karibu dola zake milioni 500 kwa kuvunja tu. Helikopta zilizokuwa zibadilishwe, Sea King, zilianza kazi 1963. Mkataba mwingine ukaja 2004, wa kufikishwa kuanzia 2008, nao ukachelewa miaka. Sea King ya mwisho ilistaafu Desemba 2018.

Hesabuni wenyewe. Fundi aliyeipokea mpya angeweza kumwachia spana mwanawe, na mwanawe amwachie mjukuu, na mjukuu angefika kazini asubuhi akute ni mashine ileile, inavuja palepale alipoambiwa na babu.