Wabanguaji wanaungua mikono na mafuta ya korosho: glovu zipi zinafaa, na nini kingine kifanyike?

Mbanguaji wa Mikindani

Habari za leo wakuu, na shikamooni mnaostahili.

Tuna kikundi cha kubangua korosho hapa Mikindani, kina mama kumi na wawili. Tunapika kwa mvuke, tunabangua kwa mashine za mkono na mguu, kila meza watu wawili: mmoja anakata, mwenzake anachokoa karanga, yaani kiini, kutoka kwenye ganda. Shida ni mikono. Vidole vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka, wengine wanatoka malengelenge mpaka shingoni na usoni ambako hawakushika korosho kabisa. Glovu nyeupe za hospitali zinalainika na kuchanika kabla ya saa nne asubuhi. Wengine wanazivua tu, maana malipo ni kwa kilo na wanasema zinawachelewesha. Wanaochokoa wanaumia kuliko wanaokata. Mwenye ujuzi wa kazi hii atusaidie, msimu ndio huu.

Fundi Mitambo Mtwara

Dada, kabla ya glovu angalia korosho inafika mezani katika hali gani. Hapo ndipo mafuta yanapopungua au kuongezeka.

Ganda la korosho lina gome la nje na gome la ndani, na katikati kuna vishimo kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta. Mafuta hayo ni kama robo ya uzito wa ganda, na ndani yake mna asidi ya anakadi na kadoli, ambazo ndizo zinazounguza. Mvuke hauziondoi. Kazi ya mvuke ni kulegeza karanga ibanduke kwenye ganda, na ganda likishapoa linakakamaa na kuvunjika kwa mkato mmoja. Ukikata korosho ingali vuguvugu, ganda linabonyea badala ya kuvunjika. Vishimo vinakamuliwa, mafuta yanatiririka kwenye kisu, na anayechokoa anayapokea yote mikononi. Korosho ikitoka kwenye mvuke itandazwe sakafuni, tabaka jembamba, ikae mpaka kesho yake. Msiirundike, katikati ya rundo joto linabaki na unyevu hautoki.

La pili ni kuchambua ukubwa. Wengi wanaruka hatua hii. Visu vya mashine ile vimepindwa kufuata umbo la korosho, na nafasi kati yake inafungwa kwa saizi moja. Korosho ndogo ikiingia kwenye visu vya kubwa inateleza, mkataji anaishikilia kwa vidole mpaka kisu kinakaribia kumaliza, na hapo ndipo vidole vinakatwa. Korosho kubwa kwenye visu vya ndogo inapondwa: karanga inavunjika na mafuta yanaruka mpaka machoni. Chekecheni kwanza, kila meza ipewe saizi moja, na visu virekebishwe kwa saizi hiyo kabla ya kuanza. Mkataji aweke korosho, atoe mkono, ndipo akanyage pedali. Mguu usikae juu ya pedali wakati mkono uko kwenye visu.

Futeni visu kila baada ya muda kwa kitambaa chenye mafuta ya kula. Utomvu ukigandia kwenye kisu, mtu anakanyaga kwa nguvu zaidi na kisu kinakuwa butu upesi.

Nesi wa Viwandani

Naongezea upande wa ngozi.

Glovu za hospitali mlizonunua bila shaka ni za mpira wa asili. Mafuta yanauvimbisha mpira huo na kuulegeza, ndiyo maana hazifiki saa nne. Tafuteni za naitrili, mara nyingi huwa za bluu au nyeusi, nene kidogo, zinazobana vidole vizuri. Glovu pana ndiyo inayomchelewesha mtu. Ndani yake vaeni glovu nyembamba za pamba zinywe jasho. Ikitoboka itupwe papo hapo: mafuta yaliyoingia ndani ya glovu yanafungiwa kwenye ngozi yenye joto na jasho, na glovu ya namna hiyo inaunguza kuliko mkono mtupu.

Kabla ya kuvaa, pakeni mikono mafuta ya nyonyo mpaka kwenye kifundo. Kama kuna anayefanya kazi bila glovu kwa sababu yoyote ile, apake nyonyo halafu achovye vidole kwenye jivu lililochekechwa, na arudie kila nusu saa au ngozi ikianza kukauka. Hii ni kinga hafifu, lakini si bure. Mafuta ya korosho yanajichanganya na mafuta mengine, kwa hiyo mengi yanaishia kwenye nyonyo badala ya kuingia kwenye ngozi.

Kunawa ndiko kunakokosewa sana. Maji peke yake hayatoi mafuta yale, yanayasambaza tu. Mtu ajisugue kwanza kwa mafuta ya kula, ayafute kwa kitambaa kikavu, ndipo anawe kwa sabuni na maji mengi. Afanye hivyo kabla ya kula, kabla ya kunyonyesha, na kabla ya kwenda msalani, kwa sababu ngozi ya sehemu za siri ni laini na inaungua vibaya. Asingoje kunawa baada ya msala tu. Msitumie mafuta ya taa wala petroli, yanakausha ngozi na kufungulia mafuta ya korosho njia ya kuingia.

Malengelenge ya shingoni na usoni yanaletwa na mikono na nguo. Mtu anajifuta jasho kwa kiganja, au kwa ncha ya kanga aliyoishikia korosho. Kila mmoja awe na taulo ndogo ya jasho isiyoguswa na mkono wa kazi. Kanga na aproni za kazini zibaki kazini, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za watoto.

Kuna kuungua, na kuna mzio. Kuungua kunatokea pale mafuta yalipogusa. Mzio unachelewa, mara nyingi siku moja hadi tatu, unawasha sana na unaweza kutokea mbali na mikono. Mkorosho na mwembe ni wa familia moja, hivyo mtu anayevimba midomo kwa utomvu wa embe huenda asiivumilie meza ya kubangulia. Aliyekwisha kupata mzio hatazoea. Kila akigusa unarudi, na mara nyingi kwa nguvu zaidi. Mhamisheni kwenye kazi kavu, kama kumenya ganda laini baada ya kukausha au kupanga madaraja.

Lengelenge lisitumbuliwe, na dawa ya meno isipakwe. Mafuta yakiingia jichoni, safisheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, halafu hospitali. Usoni kukivimba au pumzi ikibana, msisubiri zamu iishe.

Mwana Tandahimba

Niseme la kilo, maana naona linapitwa. Ukilipa kwa kilo tupu, unamlipa mtu avue glovu. Lipeni bei ya kilo ya karanga nzima iwe juu, ya vipande iwe chini, na karanga yenye doa la mafuta isihesabiwe kuwa nzima. Mikono ikiwa safi karanga inabaki nyeupe, na mtu anaona faida ya glovu kwenye malipo yake mwenyewe. Muda wa kunawa na kupaka nyonyo ulipwe kama muda wa kazi, la sivyo hakuna atakayenawa.

Mbanguaji wa Mikindani

Nawashukuru sana. Saizi tulikuwa tunachanganya meza zote. Swali jingine: maganda tunayachoma kuwasha boila, na kina mama wanachukua mengine nyumbani kupikia. Moshi wake unawasha macho. Na je, kikundi kidogo kama chetu kinahusika na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini?

Fundi Mitambo Mtwara

Maganda yasiende majikoni. Moshi wake umebeba mafuta yale yale, unaingia machoni na kifuani, na jikoni ndiko waliko watoto. Chini ya boila yanafaa kama moto una hewa ya kutosha na bomba la moshi limepita juu ya paa. Angalieni pia upande wa upepo: jiko lililokaa vizuri wakati wa kusi litawaletea moshi ndani ya banda kaskazi ikianza, na kaskazi inaanza msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Msirundike maganda karibu na tanuri, yanashika moto upesi. Moto wa mafuta msiumwagie maji. Wekeni ndoo za mchanga mkavu karibu, na mfuniko wa bati.

Kwenye boila yenyewe: vali ya usalama isifungwe waya wala kuwekewa uzito. Kioo cha kiwango cha maji kisomeke kabla ya kuwasha. Maji yakiisha boila ingali na moto, ondoeni moto, acheni ipoe yenyewe. Maji baridi juu ya chuma chenye moto yanageuka mvuke ghafla na boila inaweza kupasuka. Mfuniko wa chombo cha kupikia ufunguliwe geji ikiwa sifuri, uso ukiwa pembeni.

Kuhusu OSHA, ndiyo, mnahusika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe, na chombo cha mvuke kikaguliwe na mkaguzi anayetambulika. Glovu na miwani ni gharama ya mwajiri, haikatwi kwenye malipo ya mtu. Kama hao kina mama ni waajiriwa, sajilini pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni wa mwajiri peke yake, na unahusu ugonjwa unaotokana na kazi pamoja na ajali. Kwa hiyo fungueni daftari leo: tarehe, jina, meza gani, kiungo gani kimeungua, huduma aliyopewa.

Mbanguaji wa Mikindani

Sawa mkuu. Naitrili zinapatikana Mtwara mjini au mpaka niagize Dar?

Nesi wa Viwandani

Ulizia maduka ya vifaa vya maabara na ya vifaa vya ujenzi. Nenda na kipimo cha mkono wa kila mmoja, kwa sababu saizi kubwa ndiyo inayojaa madukani na kina mama wengi wanahitaji ya kati au ndogo.