Skwadi yetu imewasha maiki, sasa hatuelewani kabisa. Turudi kwenye alama?

Mzee wa Duara:
Habari za jioni wakuu.

Naomba ushauri kwa mnaocheza gemu za kushirikiana, si zile za kila mtu na lake. Tuko wanne, tunacheza PUBG Mobile, ile gemu ya risasi ya kwenye simu. Mimi niko Tabata, dada mmoja yuko Mwanza, jamaa mmoja Mombasa, na wa nne yuko Dubai kikazi. Uso kwa uso hatujawahi kukutana, tumejuana humo humo kwenye gemu.

Zamani tulicheza bila maiki. Ukimwona adui unamwekea alama, ukiishiwa risasi unabonyeza yale maneno mafupi, ukitaka wenzako waje unagusa ramani. Mwendo wetu ulikuwa wa taratibu lakini tulikwenda pamoja. Dada wa Mwanza ndiye aliyekuwa macho yetu. Alama yake ikitokea mahali, ujue kuna mtu pale kweli.

Tangu tuwashe maiki mambo yamevurugika. Jamaa wa Mombasa ana sauti ya mnadani na anatangaza kila kitu, hadi bandeji alizookota. Tunamfuata kwa sababu ndiye anayesikika, wala si kwamba anaona vizuri kuliko sisi. Dada wa Mwanza amekuwa kama hayupo. Wa Dubai naye akisema "kushoto, kushoto", adui ameshavuka barabara yuko kulia.

Tuzime maiki turudi kwenye alama? Au kuna namna ya kutumia vyote bila kugombana? Nawasilisha.

Kijiti:
Mzimieni maiki huyo wa Mombasa, uzi ufungwe.

Fundi Waya:
Mkuu, kabla hujamlaumu mtu, muulize huyo wa Dubai anatumia hedifoni gani. Kama ni za Bluetooth, nusu ya tatizo lako iko hapo.

Bluetooth ina njia mbili za sauti. Moja ni ya muziki, inapitisha sauti safi ya pande mbili. Nyingine ni ya simu. Ukifungua maiki ya hedifoni zenyewe, simu nyingi zinahamia njia ya pili, na hapo sauti inakuwa nyembamba na masikio yote mawili yanasikia kitu kile kile. Hatua za adui utazisikia, ila hutajua zinatoka kushoto au kulia. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia "kushoto" anabahatisha tu. Juu ya hapo Bluetooth yenyewe inachelewesha sauti, kisha kuna safari ya mtandao kwenda na kurudi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti ya mazungumzo isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana hapo watu huanza kukatizana maneno bila kukusudia. Kwenye simu ya salamu utavumilia. Kwenye gemu ya risasi, robo sekunde ni maiti.

Dawa yake ni hedifoni za waya. Za bei ya chini zinatosha kabisa.

Bando Halitoshi:
Si mtumie tu simu ya kundi ya WhatsApp huku mnacheza? Au na yenyewe inakula bando?

Fundi Waya:
Wa Dubai asitegemee hilo. Simu za WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu kule Falme za Kiarabu.

Kuhusu bando, sauti hailili kihivyo. Chukua chumba cha sauti cha Discord, ile programu ya wachezaji kuongea, kiwango chake cha kawaida ni kilobiti 64 kwa sekunde. Piga hesabu: kilobaiti 8 kila sekunde, kwa saa nzima haifiki MB 30 kwa kila mtu anayeongea, na mtu akinyamaza karibu hakuna kinachotumwa. Kinachoua sauti ni mtandao unaoyumba, hata kama bando limejaa. Vipande vya sauti vikifika vimechelewa vinatupwa, ndiyo unasikia "adu… yuk… nyu…".

Dada Shabaha:
Mmemaliza ya waya, sasa nirudi kwa dada wa Mwanza maana naona mmempita.

Alama na sauti hazifanyi kazi moja. Alama inabeba mahali. Nikikwambia "yuko kwenye ile nyumba", nyumba ipi? Ziko sita. Nikiweka alama, umeuona ukuta na dirisha lake bila mjadala. Sauti inabeba sababu: kwa nini tusiingie, kwa nini tungoje. Skwadi yenu ilikuwa na mtu hodari wa kazi ya kwanza, mkahamia kwenye chombo kinachompa nguvu mwenye mdomo mwepesi. Hapo uongozi umehama na hakuna aliyempigia mtu kura.

Watengenezaji wa gemu wanalijua hili. Portal 2 ya mwaka 2011 ilikuwa na chombo cha kumwonyesha mwenzako pa kutazama au pa kuweka kitu. Apex Legends ilipotoka Februari 2019 ikafika mbali zaidi. Kitufe kile kile ukikielekeza kwa adui kinasema adui, ukikielekeza kwa bunduki kinataja bunduki ipi, mhusika wako anaitamka kwa sauti, na mwenzako anaweza kujibu "hiyo yangu". Unacheza na mtu msiyejua lugha moja na mnaelewana. Fortnite nayo ikaweka alama za namna hiyo muda mfupi tu baadaye.

Lingine nalisema kama mwanamke. Wengi wetu tunazima maiki kwa sababu sauti ya kike ikisikika tu, maswali yanaanza ambayo hayahusu gemu. Sisemi skwadi yenu iko hivyo. Ila muulize mwenyewe, usimjibie.

Zamani Kulikuwa:
Vijana, hili ni la miaka mingi. Nilipokuwa masomoni Uingereza tulicheza World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004. Kulikuwa na pango linaitwa Molten Core, mnaingia watu arobaini. Arobaini! Ndani ya gemu hakukuwa na sauti wakati ule, kwa hiyo watu walikodi seva za TeamSpeak au Ventrilo pembeni, programu za kuongea. Kila mtu akiongea ni soko la samaki. Ndipo sheria zikazaliwa: pambano likianza anaongea kiongozi peke yake, wengine mnasikiliza. Mwenye neno, awe hai au amekufa, anaandika.

Na hao viongozi hawakuwa lazima wapiganaji wazuri. Nilimjua mmoja mpiganaji wa hovyo kabisa, ila alikuwa na pumzi ya kutulia na maneno machache. Kwenu tafuteni huyo, awe wa Mwanza au wa wapi.

Tumbili Mjanja:
Mimi napinga kidogo wanaosifia alama. Jaribu kusema kwa alama "subiri wapigane wenyewe kwa wenyewe, akibaki mmoja tunaingia". Haiwezekani. Kuna gemu ambazo bila mdomo hazipo kabisa. Keep Talking and Nobody Explodes ya 2015, mmoja anaona bomu lakini hana kitabu, wengine wana kitabu lakini hawaoni bomu. Gemu nzima ni kuelezana.

Halafu kuna kinyume chake. Among Us, gemu ya kumsaka muuaji aliyejificha kati yenu, imejengwa juu ya ukimya: mnaongea kwenye kikao tu, na waliokufa wanaongea na wafu wenzao. Watu walipoicheza na simu ya kundi iko wazi muda wote, marehemu mmoja akishtuka tu "ah!" uchunguzi umekwisha.

Kwenu pia wekeni sheria ya marehemu. Aliyekufa anabaki anatazama mchezo wa mwenzake, na ndiye anayeongea kuliko wote: "geuka, geuka, kwa nini hukugeuka". Marehemu anyamaze mpaka aulizwe.

Mzee wa Duara:
Asanteni sana wakuu. Nimewauliza wote wawili.

Wa Dubai, kweli ni Bluetooth. Fundi umepiga penyewe.

Dada wa Mwanza amenijibu kitu sikukitegemea. Anasema haogopi kuongea na hakuna aliyemuudhi. Shida yake ni vidole. Kwao kuna feni na watoto, hawezi kuacha maiki wazi, kwa hiyo kila akitaka kusema lazima aguse kitufe cha maiki. Na akigusa, kidole gumba kimetoka kwenye kulenga au kwenye kukimbia. Kati ya kuongea na kupiga risasi anachagua risasi.

Dada Shabaha:
Afadhali umeuliza. Na hilo ni la simu hasa. Kwenye kompyuta una kibodi nzima, kidole kimoja kinakaa kwenye kitufe cha kuongea bila kuvuruga kitu. Kwenye simu una gumba mbili na kila kimoja kina ajira. Mwambie ajaribu kushika kwa vidole vinne, ahamishie kitufe cha maiki na cha alama juu, vikae chini ya kidole cha shahada. Kwenye mipangilio vitufe vinahamishika.

Pwani Moto:
Salaam. Mie ndiye huyo wa Mombasa mwenye sauti ya mnadani. Ahsante kwa sifa.

Sasa nami nisikizwe. Mwajua kwa nini nasema sana? Zamani naweka alama, hajibu mtu. Ntajuaje kama mmeiona? Nageuka nyuma, mmoja yuwaokota bunduki, mwengine kasimama kama mnazi. Nimekufa mara ngapi nikidhani mwanifuata? Maiki ilipokuja nikasema alhamdulillahi, sasa angalau nikisema "twende" nitasikia "haya". Na hiyo "haya" pia hamsemi! Ndiyo narudia, na nikirudia mwaniita kelele.

Zamani Kulikuwa:
Hapa kijana ana hoja nzito kuliko wote. Marubani na mabaharia hujibu kila amri kwa kuirudia, ili aliyetoa ajue imefika.

Mzee wa Duara:
Pwani Moto, kumbe uko humu! Haya ndugu yangu, nimekuelewa. Tufanye hivi: adui na vifaa ni alama tu, hakuna kutangaza bandeji. Kila alama ya adui ijibiwe, kwa kitufe au kwa neno moja. Kabla ya kuingia mahali tunaongea wote. Risasi zikianza, anaongea dada wa Mwanza peke yake, wengine tunajibu.

Pwani Moto:
Peke yake? Na nikiangushwa?

Mzee wa Duara:
Ukiangushwa gemu yenyewe inatuonyesha ulipo. Huna haja ya kupiga ukunga.

Pwani Moto:
Nakubali kwa majaribio. Ikiwa hasemi kwa wakati nitasema mie. Lini?

Mzee wa Duara:
Leo saa tatu usiku kwetu, saa nne kwa Dubai, seva ya Mashariki ya Kati. Wote mje na hedifoni za waya.

Pwani Moto:
Za waya ninazo, ila simu yangu haina tundu la duara, ina Type-C pekee. Nikinunua ile adapta ndogo itafaa?

Fundi Waya:
Itafaa, ila chukua yenye chipu ya sauti ndani yake. Zile rahisi kabisa zisizo na chipu, simu nyingi hazitoi sauti nazo. Ijaribu hapo hapo dukani, na ujaribu maiki pia. Zipo zinazotoa sauti halafu maiki haisomi.